Nani Atakwenda Kumlaki Mgeni?

Tafakari ya wiki, kati ya Dominika ya 15 na ya 16 ya Mwaka C
Masomo: Lk 10:25-37; Mwa 18:1-16; Lk 10:38-42



Katika Mwaka C wa Kanisa, Dominika ya 15 na ya 16 hufuatana zikiwa na habari za wageni. Ya kwanza inatupa Msamaria mwema kwenye njia ya Yeriko. Ya pili inatupa Ibrahimu mlangoni pa hema yake huko Mamre, pamoja na Martha na Mariamu wakimkaribisha Bwana nyumbani kwao. Masomo haya hutukuta mwezi wa Julai, na Julai hapa Dar es Salaam ni mwezi wa wageni. Kuna waliokuja kwa ajili ya maonesho ya Sabasaba, kuna wa mikutano, kuna watalii wanaolala usiku mmoja mjini kabla ya kuvuka kwenda Zanzibar au kuelekea mbugani. Hoteli kubwa za mjini huwa na kazi nyingi kipindi hiki. Wiki hii naomba tulisikilize Neno tukiwa tumesimama mahali ambapo wahubiri hatupataji mara nyingi: sehemu ya wanaowasili katika Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere.

Kupangiwa safari

Ndege nyingi kutoka ng'ambo hutua pale usiku, nyingine usiku wa manane, nyingine kabla ya jogoo la kwanza. Jengo la tatu la abiria, lililofunguliwa mwaka 2019, limejengwa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Wakati abiria wako ndani kwenye foleni ya viza na kungoja masanduku, nje wamesimama madereva wa hoteli, kila mmoja ameshika kibao chenye jina la mtu asiyemfahamu. Mgeni alipoweka nafasi ya chumba aliulizwa namba ya ndege, saa ya kutua, idadi ya watu na mizigo, na namba ya simu. Dereva anayo yote hayo. Ndege ikichelewa kuondoka Doha au Addis Ababa, yeye naye anachelewa kulala.

Akishampata mgeni wake, anampokea mzigo, anamfungulia mlango wa gari, anashika Barabara ya Nyerere. Ni kama kilomita 12 hadi katikati ya mji. Wanapanda daraja la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa 2018, wanashuka, wanaipita Chang'ombe, mpaka wanaiona bahari ya Kivukoni. Hotelini nako walishajiandaa. Kwa kawaida vyumba hukabidhiwa kuanzia saa nane mchana, hivyo anayetua saa tisa usiku huwa amelipia na ule usiku unaoelekea kwisha, ili akifika akute kitanda kimetandikwa, asikae mapokezi na masanduku yake mpaka mchana.

Huduma hii siidharau. Nimeshapokewa hivyo katika mji nisioufahamu, nikiwa mgeni wa mkutano ulioandaliwa na wengine, na nilipoona jina langu mikononi mwa mtu nilishusha pumzi. Kuna aliyekuwa ameniwaza kabla sijafika. Nadhani hicho ndicho mgeni anachokinunua katika hoteli ya gharama kubwa, kuliko marumaru ya sakafuni na taa za ukumbini: uhakika kwamba hatatupwa, kwamba hata saa tisa usiku yupo mtu mwenye jukumu juu yake.

Maandiko Matakatifu yanaijua furaha hiyo. Ibrahimu alikuwa mzee wa miaka 99, ameketi wakati wa jua kali, saa ambayo watu wazima hujipumzisha. Alipoinua macho na kuwaona watu watatu hakungoja wamkaribie wabishe hodi. Alikimbia kuwalaki. Akaagiza maji ya kunawa miguu, akawaweka chini ya mti kivulini, akaharakisha kwa Sara kuagiza mikate ya vipimo vitatu vya unga, akakimbilia zizini kuchagua ndama. Alipowaandalia, alisimama karibu nao wakati wanakula, kama mhudumu. Wakati huo hakujua amempokea nani.

Bwana wetu naye alipanga mapokezi. Ilipofika siku ya kuiandaa Pasaka aliwatuma Petro na Yohane mjini, akawaeleza kwamba watakutana na mwanamume aliyebeba mtungi wa maji; wamfuate mpaka nyumba atakayoingia, na humo wataonyeshwa chumba kikubwa cha juu, kimekwisha kupangwa (Lk 22:7-13). Ule mtungi ulifanya kazi inayofanywa na kibao cha dereva pale uwanjani. Na usiku uleule, mezani, aliwaambia wanafunzi kwamba anakwenda kwa Baba kuwaandalia mahali, na kwamba atarudi kuwachukua (Yn 14:2-3). Tazameni ukubwa wa ahadi hiyo. Hakuishia kwenye chumba. Hakuwaachia maelekezo wajitafutie njia wenyewe. Tomaso aliposema kwamba njia hawaijui, alijibiwa kuwa njia ni Bwana mwenyewe. Imani yetu yote imesimama hapo: kwamba tumewazwa kabla, tumeandaliwa mahali, na tutakuja kuchukuliwa.

Huruma yenye mpango

Sasa turudi kwa Msamaria. Tumezoea kumsifu kwa huruma, na ni haki yake. Lakini kuhani na Mlawi huenda nao waliona huruma moyoni wakapita. Injili haituambii walijisikiaje, inatuambia walifanya nini. Tofauti ya Msamaria ni kwamba huruma yake ilikuwa na mpango.

Njia kutoka Yerusalemu hadi Yeriko ni ya kilomita 27 hivi, na ndani ya mwendo huo unashuka kiasi cha mita 1,000 kupitia majabali makavu. Mtu aliyeumizwa huko hawezi kuachiwa maji na neno la pole. Msamaria alimfunga majeraha akayatia mafuta na divai. Akampandisha juu ya mnyama wake mwenyewe, akamfikisha nyumba ya wageni, akamuuguza usiku ule. Asubuhi akatoa dinari mbili. Kutoka Injili ya Mathayo tunajua kuwa dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa shamba la mizabibu kwa siku (Mt 20:2). Kwa hiyo alilipa mapema ujira wa siku mbili, na akaahidi kuwa gharama ikizidi atailipa atakaporudi. Alipanga usafiri, akapanga malazi, akalipa, akajifunga kwa neno lake mbele ya shahidi.

Na yupo mtu mwingine katika mfano huu ambaye wahubiri humruka: mwenye nyumba ya wageni. Alifungua mlango wake kwa majeruhi asiyejulikana, akapewa dinari mbili na ahadi ya mpita njia, naye akapokea. Siku zilizofuata ni yeye aliyebadilisha vitambaa, aliyepika uji, aliyeamka usiku mgonjwa alipolalamika. Yesu aliweka kazi ya kutunza wageni ndani ya mfano wake mkuu wa upendo. Ninyi mnaofanya kazi mahotelini, mnaotandika, mnaopika, mnaobeba mizigo, mnaoendesha usiku, mkiusikia mfano huu Dominika, jueni kwamba nanyi mmo.

Wanaokesha kwa ajili yetu

Neno langu la kwanza basi ni kwetu tunaopokewa. Kulala hoteli nzuri si dhambi. Yesu alikula nyumbani kwa Simoni Mfarisayo na alifikia nyumbani kwa Zakayo tajiri. Hatari iko kwingine: mtu anaweza kuhudumiwa mpaka asimwone tena anayemhudumia. Yesu mwenyewe, akiwa mezani kwa Simoni, aliona kila kitu. Aliona kwamba hakupewa maji ya miguu, na akamwona mwanamke ambaye wengine walimwona kuwa aibu (Lk 7:44-46). Mgeni mwenye macho ya Kristo anawaona watu.

Ndugu msafiri, ukiahirisha safari mwarifu anayekungoja. Ukikaa kimya umemchukulia usiku wake, na huenda umemkosesha abiria mwingine ambaye nauli yake ingemlipia mtoto ada. Ulizia nauli mapema: ni ya gari zima au ya kila mtu, kodi imo au haimo, na muda wa kusubiri unalipiwa au la. Mkishapatana, usimbane dereva saa nane za usiku mlangoni mwa hoteli ili umpunguzie. Mlinzi anayekufungulia mlango ana umri wa baba yako; sare haijamwondolea shikamoo yake. Mhudumu wa vyumba anasugua choo ulichokitumia na kukunja nguo ulizozitupa. Msalimu, muulize ameamkaje, umwachie chumba ambacho binadamu mwenzako anaweza kukisafisha bila kudharaulika. Na ukimwachia chochote, kiandikie karatasi yenye neno la shukrani, ijulikane kwamba amepewa, asije akashukiwa wizi kwa ukarimu wako.

Neno la pili ni kwa waumini wenye hoteli, wenye kampuni za magari, na mameneja. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinaagiza kibarua maskini alipwe ujira wake siku hiyohiyo kabla jua halijatua, kwa sababu ana shida na moyo wake umeutegemea (Kum 24:14-15). Mtume Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana (Yak 5:4). Hata sheria ya nchi imesema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, inataka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu, na inampa anayefanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Dereva anayemlaki mgeni saa tisa usiku yuko ndani ya saa hizo. Mgeni ameshalipa. Fedha ya usiku wa dereva isipomfikia dereva, iko mfukoni mwa mtu, na huyo mtu Dominika anakuja kupokea Komunyo.

Na kwa kina Martha wote, wanawake kwa wanaume, ambao kazi yenu ni kuhangaikia meza za wengine: Bwana hakumkemea Martha kwa kupika. Alimhurumia kwa kusumbuka na kugawanyika. Yeye anayekula mkate wenu anataka pia mpate kuketi. Mwajiri Mkristo awapangie wafanyakazi zamu ili kila mmoja, kwa wakati wake, apate kukaa miguuni pa Bwana, kusali, na kula na watoto wake.

Wasio na kibao

Wazee wetu wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema hivyo kwa uchoyo. Walitaka aliyepokewa aingie katika kazi ya nyumba, naye siku moja apokee. Hotelini siku ya tatu huletewi jembe, unaletewa ankara, unalipa, unaondoka. Kwa hoteli deni limekwisha. Kwa Mungu halijaisha. Sisi ambao tumelakiwa uwanjani, tumebebewa mizigo, tumetandikiwa, tunadaiwa jembe letu. Na shamba liko karibu.

Ukisimama dirishani kwenye hoteli za Kivukoni unaona mlango wa bandari na pantoni likivuka kwenda Kigamboni. Chini yako unaona mnara wa Azania Front, kanisa la ndugu zetu Walutheri, na pembeni Kanisa Kuu letu la Mtakatifu Yosefu. Ukifuata ufuko mwendo mfupi, kwenye Barabara ya Barack Obama, unafika Taasisi ya Saratani Ocean Road, yenye majengo ya zamani ya tangu enzi za Wajerumani. Hapo huja wagonjwa kutoka mikoa yote ya nchi. Tiba ya mionzi haitolewi mara moja ikaisha. Hugawanywa kidogo kidogo, mara nyingi siku tano kwa wiki, kwa wiki tano, sita, hata saba. Mwanamke aliyetoka Katavi na barua ya rufaa anahitaji mahali pa kulala kwa muda wote huo, na ndugu wa kumsindikiza naye anahitaji.

Mwanamke huyo hatui uwanja wa ndege. Anashuka Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichofunguliwa 2021, zaidi ya kilomita 20 kutoka ufukweni. Mabasi siku hizi yanasafiri usiku na mchana, basi yaweza kuwa saa nane usiku anaposhuka, na maumivu yake, na begi, na bahasha ya picha za eksirei. Wanaomkimbilia ni wapiga debe. Mmoja anavuta begi, mwingine anamwita mama, wa tatu anamtajia nauli ambayo ni sehemu kubwa ya fedha zote alizonazo. Katika umati ule hakuna aliyeshika jina lake. Wengine wa namna yake hulala kwenye viti vya kituo mpaka kupambazuke, na wakifika hospitalini ndugu zao hulala barazani.

Katika kituo hichohicho hushuka binti wa miaka kumi na minne aliyeambiwa kijijini kwamba kuna mama mjini anamtafuta msichana wa kazi. Yeye ana mtu wa kumlaki. Mtu huyo anajua basi lake, anajua saa yake, amebeba namba yake ya simu. Hapo ndipo tunapoona uzito wa jambo hili, wapendwa. Mlaki wa kwanza wa mgeni anayo nafasi ya kumwokoa au kumwangamiza. Wenye nia mbaya wameshapanga safari, gari na chumba. Nia njema isipopanga, imewaachia uwanja.

Mtakatifu Benedikto aliliona jambo hili katika karne ya 6. Katika sura ya 53 ya Kanuni yake, ambayo watawa wa Peramiho na Ndanda wanaifuata hadi leo, anaagiza kila mgeni apokelewe kana kwamba ni Kristo. Kisha anaongeza kwamba uangalifu mkubwa zaidi uwe kwa maskini na mahujaji, kwa sababu matajiri, kwa jinsi wanavyoogopwa, hujipatia heshima wenyewe. Maneno hayo yana miaka karibu 1,500 na bado yanapima kila mlango wetu. Mwenye kadi ya benki atapokewa vizuri Dar es Salaam, Kanisa liwepo lisiwepo. Mtume Yakobo anatuonya tusimpe kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu huku maskini tukimwambia asimame pale (Yak 2:1-4). Sisi tumekwenda mbali zaidi: maskini hatujamwambia asimame, kwa kuwa hatukuwapo alipofika.

Tumezoea kuandika neno karibu kwenye malango ya makanisa yetu. Ni neno jema. Lakini Ibrahimu hakuliandika mlangoni akaendelea kupumzika. Mgeni asiyejua njia hawezi kulisoma neno lililo mwisho wa njia.

Mpaka njiani

Simulizi la Mamre lina sehemu nyingine ambayo haisomwi sana Dominika. Wale watu walipoondoka kuelekea Sodoma, Ibrahimu alikwenda pamoja nao ili kuwasindikiza (Mwa 18:16). Mtume Yohane naye, katika waraka wake wa tatu, anamsifu Gayo kwa kuwahudumia ndugu wageni, na anamwomba awasafirishe kwa namna inayompendeza Mungu (3 Yn 5-8). Kwa wazee wetu vilevile, mgeni hakuagwa mlangoni. Alisindikizwa mpaka njia panda, akabebewa mzigo, akaonyeshwa njia.

Hoteli nzuri inalijua hilo. Ndege ikiwa ya alfajiri, gari linapangwa tangu jioni, mgeni anaamshwa kwa simu, anafungiwa chakula cha njiani. Mgonjwa wetu je? Amemaliza wiki zake za mionzi, ngozi imeungua, nguvu hana, nauli ya kurudi Mpanda iliisha katika wiki ya tatu. Anahitaji mtu wa kumkatia tiketi, kumtafutia kiti cha mbele ambako basi halirushi sana, kumpigia simu mumewe kwamba kesho jioni atafika. Na wapo wasiomaliza. Wapo ambao mjini hapa ndugu yao anabaki na mwili mochwari, bila hata mtu mmoja wa kumwuliza gari la kusafirisha marehemu linapatikanaje. Kumsindikiza mtu huyo ni Injili tosha.

Jembe letu

Nawaomba basi, wapendwa, tuwe na huruma yenye mpango. Parokia zilizo kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Mbezi, na parokia za katikati ya mji karibu na Ocean Road na hospitali ya Muhimbili, zianze na jambo dogo linalowezekana.

Iwepo namba moja ya simu ya parokia, inayopokelewa usiku na mchana kwa zamu. Namba hiyo ipelekwe kwa maparoko wa mikoani na kwa maofisa ustawi wa jamii wa hospitali, ili mgonjwa anapopewa rufaa, paroko wake apige na kutaja mambo yaleyale ambayo hoteli huuliza: jina, basi, saa ya kufika, watu wangapi, mzigo gani, hali ya mgonjwa. Akina mama wa WAWATA, akina baba wa UWAKA na vijana wa VIWAWA wagawane zamu za kwenda kituoni. Waende wawili wawili, wakiwa na vitambulisho vya parokia na kibao chenye jina la mgeni, na kamwe mtu asiende peke yake kumlaki mtoto au binti. Wenye magari watoe gari usiku mmoja kwa mwezi. Wenye chumba cha ziada wakiandikishe. Jumuiya ndogo ndogo zisizo na gari wala chumba zipike, zitembelee wagonjwa, zifue nguo. Karitas ya parokia itunze hesabu ya nauli za kurudi.

Waumini mnaofanya kazi mahotelini tunawahitaji mtufundishe. Ninyi mnajua namna ya kumngoja mtu bila kununa, namna ya kuuliza bila kupekua, namna ya kuandaa kitanda ili aliyechoka alale. Ujuzi huo mnauuza kwa halali. Utoleeni Bwana sehemu yake.

Na sisi tuliobahatika kulala katika hoteli hizo, kwa fedha zetu au za wenyeji wetu, tujiwekee desturi: kila tunapolipa gari la kutoka uwanjani, tutenge kiasi kwa ajili ya anayeshuka Mbezi Luis. Bwana alikwisha kutushauri tuwaalike wasioweza kutulipa, nasi tutalipwa katika ufufuko wa wenye haki (Lk 14:12-14). Wazee wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hii ndiyo dawa yenyewe, na wenye ugonjwa wa kutoona ni sisi.

Mkumbukeni Lazaro. Alilala mlangoni mwa tajiri, na hakuna mtu wa nyumba ile aliyetoka kumlaki. Alipokufa, Yesu anatueleza, malaika walikuja wakamchukua, wakampeleka kifuani kwa Ibrahimu (Lk 16:22). Kwa Ibrahimu yuleyule aliyekimbia kuwalaki wageni wakati wa jua kali. Mbinguni wanajua kulaki maskini. Tajiri yeye, kwa karamu zake zote, Injili inasema alikufa akazikwa tu. Hakuna anayetajwa kuwa alikuja kumchukua.

Basi Dominika hii, baada ya Misa, kila jumuiya imteue mtu mmoja na iandike jina lake katika ofisi ya parokia, mtu atakayekwenda kituoni usiku. Usingoje jirani yako aandikwe kwanza. Andika jina lako, ili mgonjwa anayeshuka usiku akute jina lake.